Kirukanjia wa Kyetume na Jamaa za Tembo

Giza likishaingia katika soko la Owino, Kampala, vibanda vikafungwa na marobota ya nguo yakafunikwa maturubai, soko hubaki na wakazi wake wadogo. Kando ya mfereji wa Nakivubo na chini ya meza za nafaka, panya hutoka kuokota punje zilizomwagika mchana. Mara mojamoja hupita mnyama mwingine, mdogo kuliko panya, mwenye pua ndefu iliyochongoka, vijicho vidogo na harufu kali. Huyo ni kirukanjia. Mlinzi akimwona humtwanga kwa fagio kama anavyomtwanga panya, maana gizani wote wawili ni wa kijivu na wote hukimbia wakiambaa ukuta. Lakini kirukanjia hatafuni nguo wala haibi mahindi. Chakula chake ni mende, buibui na funza. Tena kwa nasaba wanyama hao wawili wako mbali mno: panya yuko karibu zaidi na mlinzi anayemfukuza kuliko alivyo karibu na kirukanjia.

Jambo hilo halikujulikana kwa kuwatazama wanyama kwa macho. Lilijulikana kwa kusoma vinasaba vyao, na historia ya usomaji huo inapita karibu sana na Kampala.

Panya mweusi, yule wa sokoni, ni mgeni. Watafiti walipolinganisha vinasaba vya panya wa pande nyingi za dunia na kuchapisha matokeo mwaka 2011, walikuta kwamba ukoo ulioenea Afrika na Ulaya chimbuko lake ni India. Alivuka na vyombo vya biashara ya Bahari ya Hindi, akashuka pwani, kisha akaingia bara pamoja na mizigo. Kirukanjia ni mwenyeji. Afrika ina spishi zake nyingi, na mmoja kati ya hao, aliyetoka mwendo mfupi tu mashariki mwa jiji, amewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1910 Oldfield Thomas, mtaalamu wa mamalia katika makumbusho ya viumbe London, alipokea ngozi na fuvu la kirukanjia mkubwa, mwenye manyoya mengi, kutoka Kyetume karibu na Kampala. Thomas alikuwa na uzoefu usio wa kawaida. Katika maisha yake aliwapa majina ya kisayansi wanyama zaidi ya 2,000. Huyu alimpa jina somereni, kwa heshima ya Dkt. R. A. L. van Someren, daktari aliyefanya kazi Uganda na kukusanya ndege na wanyama. Miaka 3 baadaye aliona fuvu lake ni la pekee mno, akamtengea jenasi yake: Scutisorex.

Ajabu yenyewe, hata hivyo, haikuwamo ndani ya kifurushi kile. Ngozi na fuvu havionyeshi mgongo.

Mgongo ulijulikana kupitia Kongo. Kati ya mwaka 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini mashariki mwa Kongo wakikusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya viumbe ya New York. Wamangbetu waliwaonyesha jambo ambalo wageni hao wasingelisadiki kwa kusimuliwa. Mtu mzima, mwenye uzito wa kilo 70 hivi, alipanda peku juu ya mgongo wa kirukanjia aliye hai, akasimama kwa mguu mmoja, akakaa hapo dakika kadhaa. Aliposhuka, mnyama akajinyoosha akaenda zake. Mnyama huyo hazidi sana gramu 100. Kwa Wamangbetu hilo lilikuwa jambo la kawaida: mpiganaji aliyebeba kiungo cha kirukanjia huyo aliaminiwa kuwa amekingwa dhidi ya mkuki.

Mwaka 1917 Joel Asaph Allen wa New York alichapisha maelezo ya mifupa yake. Mamalia wengi wana pingili 5 hadi 7 za kiunoni. Kirukanjia huyu ana 10 au zaidi, nene, na kila moja ina vijino vingi pembeni vilivyoingiana na vya jirani yake. Wakati huo hakukujulikana mamalia mwingine mwenye uti wa mgongo wa namna hiyo. Wataalamu wakabaki na maswali mawili: mgongo huu ulitoka wapi, na una kazi gani? Kwa karibu karne nzima yalikosa jibu, kwa sababu hakukuwa na mnyama wa kati, mwenye nusu ya ajabu hiyo, wa kuonyesha safari ilivyokwenda.

Ili kufahamu jinsi jibu lilivyokuja, ni lazima kwanza kueleza kosa kubwa lililokuwa likitendeka kwa wanyama wadogo wote. Tangu karne ya 19, mnyama yeyote mdogo mwenye pua ndefu na meno ya kula wadudu alitupwa kwenye kapu moja lililoitwa Insectivora, wala-wadudu. Humo walikaa virukanjia, fuko wa Ulaya, fuko-dhahabu wa Afrika, nungunungu wadogo wa Ulaya, na tenreki wa Madagaska. Kwa muda mrefu hata sengi alitiwa humo, yule mrukaji wa misitu na vichaka vya Afrika Mashariki mwenye pua inayochezacheza kama mkonga. Mwaka 1955 akaongezwa mwingine kutoka milima ya Rwenzori: Micropotamogale ruwenzorii, mnyama wa vijito vya baridi, mwenye vidole vilivyounganishwa na ngozi kama bata na mdomo mpana uliojaa ndevu ngumu. Alionekana kama kirukanjia aliyejifunza kuogelea, na kapu likampokea bila mzozo.

Ufa wa kwanza ulitokea Uholanzi. Mwaka 1981 Wilfried de Jong wa Nijmegen, pamoja na wenzake, walichapisha ulinganisho wa protini ya lenzi ya jicho kutoka wanyama mbalimbali. Protini hujengwa kwa kufuata maagizo ya jeni, hivyo mabadiliko ya protini ni kivuli cha mabadiliko ya jeni. Muhanga, mla-mchwa wa usiku mwenye masikio marefu, alijikuta amekaa pamoja na tembo, pimbi na nguva. Baadaye protini hiyohiyo ilimvuta na sengi upande huohuo. Wengi walitia shaka, na shaka yao ilikuwa na msingi: protini moja ni shahidi mmoja.

Wachuuzi wa mitumba wa Owino hawapotezi muda kubishana juu ya rangi ya koti. Hulipindua ndani nje na kutafuta lebo iliyoshonwa shingoni, kwa sababu mtindo unaigwa popote lakini lebo inasema koti lilikoshonwa. Vinasaba ndiyo lebo ya mnyama. Ni mfuatano wa herufi 4 za kikemia unaorudufiwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na mara chache herufi moja hukosewa. Kosa likishaingia hurithiwa. Spishi mbili zilizotengana karibuni zina tofauti chache. Zilizotengana zamani zina nyingi. Na makosa ambayo mbili zinashiriki, huku wengine wote hawanayo, yanaonyesha zilikuwa na babu mmoja baada ya wengine kwenda njia zao.

Kazi yenyewe huanzia msituni. Mtafiti hukata kipande cha ini au misuli, kidogo kuliko punje ya harage, na kukitumbukiza katika kichupa cha ethanoli ili kisioze. Maabara huchuja vinasaba, kisha huzidisha sehemu inayotakiwa mamilioni ya mara kwa mbinu ya PCR, aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Herufi husomwa, hupangwa sambamba na za wanyama wengine, na kompyuta hutafuta mti wa ukoo unaoeleza tofauti hizo vizuri zaidi. Mbinu hiyo ndiyo iliyomwezesha mtu mwenye vichupa 20 kuhoji uamuzi uliokaa vitabuni miaka 150.

Mwaka 1997 Mark Springer wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyotokana na jeni kadhaa kwa pamoja, za kiini cha seli na za mitokondria. Fuko-dhahabu hakuwa jamaa ya fuko wa Ulaya hata kidogo. Alikuwa kundi moja na sengi, muhanga, pimbi, nguva na tembo. Mwaka uliofuata Michael Stanhope na wenzake waliongeza tenreki, na kundi zima likapewa jina Afrotheria, kwa maana ni wanyama ambao mizizi yao iko katika bara la Afrika, walioishi hapa kwa mamilioni ya miaka wakati bara lilipokuwa limezungukwa na bahari.

Mnyama wa vijito vya Rwenzori ni wa ukoo wa tenreki. Kwa hiyo kile kiumbe kidogo chenye ndevu, ambacho mtu yeyote angekiita kirukanjia wa majini, ni jamaa ya tembo wanaokunywa maji chini ya milima hiyohiyo. Naye kirukanjia wa Kyetume, mwenye mgongo ule wa ajabu, ni kirukanjia halisi, na katika mti mkubwa wa mamalia uliochorwa mwaka 2001 ukoo wake uko kwenye tawi moja na popo, farasi, ng'ombe na paka. Panya na binadamu wako kwenye tawi jingine.

Baada ya vinasaba kusema, wataalamu wa mifupa walirudi makabatini na kuangalia upya. Mwaka 2007 ikaonyeshwa kwamba Afrotheria wengi wana pingili za mgongo nyingi kuliko kawaida ya mamalia, na mwaka 2008 kwamba meno yao ya kudumu huchelewa kuota. Alama zilikuwepo muda wote. Lakini hapo pana tahadhari ya maana: kirukanjia wa Kyetume naye ana pingili za ziada, ila amezipata kwa njia yake mwenyewe. Anayehesabu pingili peke yake angeweza kumsukumia kwa tembo.

Mtego huohuo uko Australia na Amerika Kusini, kwa wanyama wadogo wenye mfuko wa kulelea watoto. Katika jangwa la Australia anaishi Notoryctes, asiyeona, mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu na kucha kubwa za kuchimbia mchanga. Ukimweka kando ya fuko-dhahabu wa Afrika, hata mtaalamu atasita, na katika karne ya 19 wapo waliotaka kuwafanya ndugu. Vinasaba vimewatenga mbali kabisa: mmoja ni wa ukoo wa kangaruu, mwingine wa ukoo wa tembo. Mchanga na giza ndivyo vilivyowapa sura moja.

Upande wa pili, vinasaba vimeunganisha waliotenganishwa na bahari. Katika misitu ya Chile na Argentina kuna mnyama wa kiganjani aitwaye Dromiciops. Mwaka 1982 Frederick Szalay aliona kwamba kifundo chake cha mguu kinafanana na cha wanyama wa Australia kuliko cha majirani zake wa Amerika. Wengi waliona ni madai mazito kujengwa juu ya mfupa mdogo hivyo. Mwaka 2010 Maria Nilsson na wenzake walitumia ushahidi wa aina nyingine, vipande vya vinasaba vinavyojinakili na kujipachika mahali papya katika jenomu. Nafasi ya kipande hicho kujipachika mara mbili mahali palepale, katika koo mbili tofauti, ni ndogo mno; wanyama wawili wakiwa nacho mahali pamoja, walikirithi kwa babu mmoja. Ushahidi huo ulimweka Dromiciops jirani kabisa wa wanyama wa Australia, na Szalay akathibitika. Njia ya mababu ilipita Antaktika, wakati mabara ya kusini yalipokuwa bado yameshikana.

Mbinu hizi zilipofika kwa wanyama wadogo wa Afrika Mashariki zilikuta kazi tele, na mtu anayestahili kukumbukwa hapo ni William Stanley wa makumbusho ya Field, Chicago. Kwa miongo kadhaa alipanda milima ya Tanzania akichimbia ndoo ardhini, mstari mmoja baada ya mwingine, kwa sababu virukanjia huambaa kizuizi cha plastiki na kutumbukia. Hakufanya kazi peke yake. Mwaka 2000 yeye na Rainer Hutterer walipoeleza kirukanjia mpya wa Udzungwa walimwita Myosorex kihaulei, kwa heshima ya Philip Kihaule, Mtanzania aliyekuwa mhimili wa kazi hiyo ya porini. Mwaka 2010 Stanley na Jacob Esselstyn wakachapisha vinasaba vya jamii hiyo ya virukanjia wa milimani, wakaonyesha jinsi kila kundi la milima linavyotunza ukoo wake.

Udzungwa pia ndiko alikotokea sengi mwenye uso wa kijivu. Kamera zilizofungwa kwenye miti ya msitu wa Ndundulu zilimpiga picha mwaka 2005, na mwaka 2008 Francesco Rovero, Galen Rathbun na wenzao walimtangaza kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis, mwenye uzito wa gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sengi wote. Vinasaba vyake vilileta fumbo. Utafiti wa mwaka 2013 ulikuta mitokondria yake imechanganyika na ya sengi wa spishi jirani. Mitokondria hurithiwa kwa mama tu, na majike wa zamani walipozaa na madume wa ukoo wa pili, alama yao ilibaki hata baada ya sura kutengana. Ndiyo maana mtafiti makini hategemei jeni moja, kama vile wazee wa ukoo hawaamui urithi kwa shahidi mmoja.

Mwaka huohuo wa 2013, mwezi wa Julai, fumbo la Kyetume nalo likapata mwanga. Stanley, Esselstyn na wenzao wengi, wakiwemo Jean Malekani, Dudu Akaibe na Sylvestre Gambalemoke wa Kongo, walitangaza spishi ya pili ya Scutisorex. Ilitoka Baleko, karibu na mto Tshuapa, katika msitu wa vinamasi wa Kongo. Walimwita thori, kwa jina la Thorvald Holmes, aliyekuwa mtunza mkusanyiko wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Humboldt huko California. Pingili zake za kiunoni ni 8. Vijino vyake vya pembeni ni vichache na vifupi kuliko vya ndugu yake.

Huyu ndiye mnyama wa kati aliyekosekana tangu mwaka 1917. Lakini sura ya kati peke yake isingetosha, kwani pingili 8 zingeweza kuchipuka katika ukoo mwingine wowote. Vinasaba ndivyo vilivyofunga hoja: thori na somereni ni ndugu wa tumbo moja katika mti wa virukanjia.

Kuhusu kazi ya mgongo, wazo lao lilianzia kwa wanakijiji. Lynn Robbins, mmoja wa waandishi, alikuwa ameona watu wa vinamasi vya Kongo wakichokonoa mabuu ya mbawakawa yaliyojificha kati ya shina la mtende na makuti yake. Watafiti wakapendekeza kwamba kirukanjia hujipenyeza penye mwanya huo, akakunja mgongo na kuunyoosha, nafasi ikapanuka, akapata chakula ambacho mnyama mwingine wa kimo chake hawezi kukifikia. Ni wazo, na linasubiri mtu wa kulishuhudia. Mwaka 2020 Stephanie Smith na Kenneth Angielczyk, kwa kupiga pingili hizo picha za eksirei za ndani kabisa, waliona kwamba nyuzi za mfupa ni nene na zimejipanga kutoka kichwani kuelekea mkiani, kama zinavyotakiwa kuwa kwa mgongo unaobanwa kwa urefu mara kwa mara. Wazo la mitende likapata nguvu.

Stanley hakuliona hilo. Alifariki Oktoba 2015 nchini Ethiopia, akiwa kazini porini.

Kazi kama yake hutegemea misitu iliyobaki. Mwaka 2007 serikali ya Uganda ilikusudia kutoa hekta zipatazo 7,100 za msitu wa Mabira, barabara ya Jinja, ulimwe miwa. Mwezi Aprili watu wa Kampala waliingia barabarani kuupinga mpango huo, wengine wakapoteza maisha, na mpango ukasitishwa. Waliandamana kwa ajili ya mvua, kuni na heshima ya msitu, na walikuwa na haki. Ipo sababu nyingine ya kuongeza. Eneo la mashariki mwa Kampala ndiko alikotoka kirukanjia ambaye kila Scutisorex mwingine duniani hulinganishwa naye, na ngozi yake iko London. Ushahidi wa nasaba za wanyama wadogo hautoki angani. Unatoka kwenye kinamasi ambacho hakijafukiwa na kwenye kichupa kilichoandikwa mahali, tarehe na jina la aliyekijaza.

Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kina idara ya zoolojia, kina makumbusho yake, na kina vijana wanaojua Kiganda na njia za Mukono, huko mashariki mwa jiji. Wapewe ndoo, ethanoli, majokofu yenye umeme wa uhakika na mashine za kusomea vinasaba, ili sampuli za Uganda zisomwe Uganda na zitunzwe hapo. Wenye kupanga bajeti ya utafiti waanze na hilo, na wenye kutoa vibali vya kufukia vinamasi vya Mukono wasubiri kwanza orodha ya wanaoishi humo.